Nani Atampimia Heroe Kiwanja Chake?

Mtu wa pwani akitajiwa Nakuru, aghalabu humjia akilini mambo mawili: baridi ya asubuhi inayomfanya mtu atafute shali, na heroe, wale ndege wa miguu mirefu na rangi ya waridi, ambao picha zao zimetundikwa katika ofisi za utalii kutoka Mombasa mpaka Malindi. Mimi pia nilikuwa hivyo hivyo. Lakini safari hii sikwenda kuwatazama heroe. Nilikwenda kuitazama ramani yao.

Nasema ramani kwa sababu wako wataalamu ambao kazi yao ni kuichora nchi bila kufuata mipaka ya wilaya wala ya mashamba. Wao huangalia kiumbe gani anaishi wapi, na ni pahala gani ambapo pakiharibiwa hana pengine pa kukimbilia. Pahala hapo hupakwa rangi. Kisha ramani hiyo hutakiwa iwekwe mbele ya wale wanaoamua wapi pajengwe nyumba, wapi palimwe, wapi pachimbwe mawe na wapi paachwe kama palivyo. Ukisikia hivyo utadhani ni mambo ya ofisini tu, ya watu wenye rula na kalamu za rangi. Walakini wako watu waliofukuzwa makwao kwa jina la ramani kama hizo, na wako waliogharikishwa na maji kwa kukosa ramani, na yote mawili yametokea katika sehemu ile ile moja ya nchi yetu: Nakuru na sehemu ya kati ya Bonde la Ufa.

Mwenyeji wangu alikuwa mjomba wangu, mzee aliyehamia huko tangu ujanani na kufanya maskani yake Bondeni, mtaa wa zamani ambao Kiswahili chake bado kina ladha ya kwetu. Siku ya kwanza nikamwambia, "Mjomba, nataka kuiona Nakuru yote kwa mara moja." Akacheka. "Basi twende Menengai, mwanangu. Na uchukue koti."

Ukisimama juu ya ukingo wa Menengai, msomaji, huhitaji kuelezwa habari za mji wa Nakuru. Nyuma yako liko shimo kubwa la volkano, mawe meusi na vichaka, na huko chini mvuke wa ardhini unachimbwa kwa ajili ya umeme. Mbele yako, upande wa kusini, mji umeteremka mpaka karibu ya ziwa. Kaskazini unazuiwa na mlima, kusini unazuiwa na ziwa na ua wa mbuga ya wanyama, basi umenyoosha mikono yake mashariki na magharibi, ukimeza mashamba njiani. Sensa ya 1969 ilihesabu watu wasiofika 50,000 mjini hapo. Ile ya 2019 ilihesabu zaidi ya 570,000, katika mipaka iliyopanuliwa, na tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ikatangazwa kuwa jiji la nne la Kenya, baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Watu wote hao wanataka pa kujenga, na hakuna wa kuwalaumu.

Upande wa pili wa ua wako vifaru. Mbuga ya Ziwa Nakuru ilitangazwa rasmi mwaka 1968, na sasa ina kilomita za mraba 188. Katika miaka ya 1980 ilizungushiwa ua wa umeme ili vifaru walindwe dhidi ya majangili. Sidhani kama iko miji mingi duniani ambayo mtu aweza kununua nyanya sokoni asubuhi na kumwona kifaru kabla ya adhuhuri bila kulala njiani.

RANGI JUU YA RANGI

Namna ya kuchora ramani hii si vigumu kuifahamu. Chukua karatasi laini ya kunakilia, ile inayoonyesha kilicho chini yake. Katika karatasi ya kwanza chora mito, chemchemi na mabwawa. Katika ya pili chora misitu na nyika za majani. Katika ya tatu tia alama kila pahala ambapo wanyama na ndege wamehesabiwa, na idadi yao. Katika ya nne chora barabara, mashamba, viwanja na mabomba ya maji machafu. Kisha zipange moja juu ya nyingine, uziinue kwenye mwanga. Pale ambapo rangi zimekutana nyingi ndipo penye thamani, na pale ambapo rangi hizo zinagongana na karatasi ya nne ndipo penye mgogoro. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa kompyuta na kwa picha zinazopigwa na setilaiti, ambazo zimekuwa zikipigwa mfululizo tangu setilaiti ya kwanza ya Landsat iliporushwa mwaka 1972. Lakini maana yake haikubadilika.

Sharti kubwa ni kwamba uzuri wa pahala hauhesabiwi. Kupendeza machoni si hoja. Kinachoulizwa ni je, yuko hapa kiumbe anayekaribia kutoweka duniani? Je, yuko ambaye makao yake yote ni eneo dogo tu? Je, hukusanyika hapa viumbe wengi kiasi kwamba pakiharibika, sehemu kubwa ya jamii yao yote itapata msiba? Kwa masharti ya namna hiyo, mwaka 1999 Leon Bennun na Peter Njoroge walitoa kitabu kilichotaja sehemu 60 za Kenya zilizo muhimu kwa ndege. Walianza na ndege kwa sababu ndege huonekana, huhesabika, na wako watu wengi wanaowajua. Baadaye, mwaka 2016, mashirika ya uhifadhi ya dunia yakakubaliana juu ya kipimo kimoja kwa viumbe wa kila aina, tangu mimea hadi samaki.

Msomaji wa pwani asidhani orodha ile ilitusahau. Arabuko-Sokoke imo, Dakatcha imo, mlango wa mto Sabaki umo, na delta ya mto Tana imo. Kwa upande wa Bonde la Ufa yamo maziwa ya Nakuru, Elementaita na Naivasha, umo msitu wa Mau, na zimo nyika za Kinangop na za Mau Narok na Molo.

Nakuru iliingia kwa hoja ya mkusanyiko. Katika miaka ya neema heroe walizidi milioni moja katika ziwa hilo moja, wote wakila mwani mdogo mno usioonekana kwa jicho tupu, unaoota katika maji yenye magadi. Mwaka 1990 ziwa hilo likawa la kwanza la Kenya kuandikwa chini ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kulinda maeneo ya maji uliotiwa sahihi katika mji wa Ramsar, Iran, mwaka 1971. Na mwaka 2011 Nakuru, Elementaita na Bogoria yakaandikwa pamoja katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kisa kilichonifurahisha zaidi ni cha mwari. Ndege huyu mwenye mdomo kama mfuko hula samaki, na Ziwa Nakuru, kwa magadi yake, halikuwa na samaki. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 waliletwa samaki wadogo kutoka Ziwa Magadi na kutiwa humo ili wale viluwiluwi vya mbu. Wale samaki wakazaana, na mwari wakapata habari. Lakini hawakuhamia kabisa. Mwari hawa hula Nakuru na hutaga mayai juu ya visiwa vya mawe vya Elementaita, kilomita kadha mashariki, wakiruka kila siku kupeleka chakula kwa makinda. Jiko lao liko Nakuru na chumba cha kulala kiko Elementaita. Ukilinda kimoja ukauza kingine, umewaacha na nyumba nusu. Na kati ya viwili hivyo kuna mashamba, barabara kuu na viwanja vinavyotangazwa kuuzwa.

ZIWA LILILOKATAA MSTARI

Mpima ardhi hupenda mstari. Ziwa Nakuru halikubali mstari. Halina mto wa kulitoa maji, nalo ni la kina kifupi kama sinia, basi mvua ikipungua hukimbia na mvua ikizidi huja juu. Katikati ya miaka ya 1990 lilikaribia kukauka, upepo ukapeperusha vumbi la magadi mpaka mjini. Halafu, kuanzia 2010 hivi, likaanza kupanda. Likapanda pamoja na ndugu zake, Naivasha, Bogoria na Baringo. Huko Baringo twiga walizingirwa na maji katika kile kilichokuwa rasi kikawa kisiwa, wakavushwa mmoja mmoja kwa chombo cha chuma kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021. Ni jahazi la ajabu, ambalo hata manahodha wa Lamu hawajapata kulipakia.

Pale Nakuru maji yalifunika lango kuu la mbuga pamoja na ofisi zake, lango likahamishwa. Migunga ya manjano iliyokuwa sifa ya ufuo wake ikafia majini ikiwa imesimama. Maji yalipozidi ukali wa magadi ukapungua, mwani ukapungua, na baada ya 2012 heroe wengi wakaenda zao Bogoria na kwingineko. Hurudi kwa makundi, wakipenda. Heroe ana mbawa. Kifaru na twiga waliomo ndani ya ua hawana pa kwenda, na malisho yao yamekuwa machache kwa kadiri ya maji yalivyopanda.

Na nje ya ua wako wanadamu. Mjomba alinipeleka mpaka Mwariki, halafu Barut, vitongoji vilivyo karibu ya ziwa. Nilionyeshwa paa za mabati ambazo chini yake hapana tena nyumba ya kukaliwa na mtu, na mti wa mparachichi uliokufa kwa kunywa maji ya ziwa. Bibi mmoja aliniuliza kwa upole kama mimi ni mtu wa serikali. Nilipomwambia mimi ni mwandishi tu kutoka Mombasa, akasema, "Basi mwanangu, andika kwamba tulinunua kwa karatasi." Maana yake walilipa, wakatia sahihi, wakapewa hati, na hakuna aliyewaambia kwamba ardhi ile ni ya ziwa wakati ziwa linapoitaka.

Hapo ndipo niliposhika maana ya kazi hii. Ramani ambayo ingeonyesha ziwa kwa ukanda mpana, maji yalipopata kufika na yanapoweza kufika tena, ingemfaa heroe na ingemfaa bibi yule kwa mstari ule ule mmoja wa kalamu. Ripoti ya serikali iliyotolewa mwaka 2021 juu ya kupanda kwa maziwa ya Bonde la Ufa ilikadiria kwamba walioathirika ni karibu watu 400,000. Na huko Naivasha, mtaa wa Kihoto ulioingiliwa na maji mwaka 2020 uliingiliwa tena mwaka 2025. Mtu akiniambia kwamba habari za ndege ni anasa ya wazungu, mimi nitamwomba aende Kihoto na viatu vya mpira.

MSITU NA WENYEWE

Maji ya ziwa hutoka juu. Mto Njoro, ulio mkuu kati ya vijito vinavyoingia Nakuru, huanzia katika msitu wa Mau Mashariki na kuteremka kilomita 50 hivi, ukipita mashamba, chuo kikuu cha Egerton na mitaa ya watu. Kwa hiyo ramani ya ziwa isiyokuwa na Mau ni sawa na mtu kuchora kisima akasahau chemchemi.

Na Mau imekatwa. Mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 61,000 za msitu huo katika hifadhi kwa tangazo rasmi, na zaidi ya nusu yake ilikuwa Mau Mashariki, juu kabisa ya Nakuru. Jopo lililoundwa na Waziri Mkuu likatoa ripoti yake mwaka 2009, likasema kwamba katika muda wa miaka 15 hivi msitu wa Mau ulikuwa umepotea kwa robo yake, zaidi ya hekta 100,000. Baadhi ya ardhi iliyogawanywa kwa jina la maskini iliishia mikononi mwa watu ambao hakuna aliyepata kuwaita maskini. Haya si siri. Yaliandikwa katika magazeti wakati ule.

Sasa sikiliza upande wa pili, maana mimi naogopa sana mambo yanayosemwa upande mmoja. Mau ina wenyewe. Waogiek wameishi humo karne na karne kwa kurina asali na kuwinda, wakiujua msitu mti kwa mti. Mwaka 2009, baada ya ripoti ile, wao pia walipewa ilani ya kuondoka, wakahesabiwa pamoja na waliokuja na misumeno. Wakashitaki. Kesi ikafika katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu huko Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 mahakama ikaamua kwamba Kenya imevunja haki zao, na kwamba si wao wa kulaumiwa kwa kuharibika kwa Mau. Tarehe 23 Juni 2022 mahakama hiyo hiyo ikaamuru walipwe fidia, shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa madhara mengine, na wapewe hati ya pamoja ya ardhi ya mababu zao. Hata hivyo mwezi wa Novemba 2023 nyumba zilibomolewa tena huko Maasai Mau, na miongoni mwa waliotolewa walikuwamo Waogiek.

Basi rangi ya kijani katika ramani yaweza kumwokoa kiumbe na yaweza kumtoa mtu kwake, na karatasi yenyewe haijui tofauti. Anayejua ni yule anayeishika.

Wasomaji wetu wengi wanaijua hima. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliuwekea mji wa Madina eneo ambalo miti yake haikatwi na mawindo yake hayafukuzwi. Lakini kabla ya Uislamu wakubwa wa makabila walikuwa na hima zao pia, malisho mazuri waliyojizuilia wenyewe na mifugo yao, na hiyo ndiyo iliyokatazwa. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar alipomweka mtumishi wake Hunayy kuisimamia hima, alimwagiza amruhusu mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya matajiri, akiwataja baadhi yao kwa majina, nao walikuwa masahaba watukufu. Alisema wao wakifilisika wa malisho wana mashamba na mitende ya kurudia, bali huyo maskini mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake kulia mlangoni. Ningependa maneno hayo yabandikwe juu ya meza ya kila mchoraji wa ramani pale Nakuru.

NDEGE ANAYEKAA SHAMBANI MWA MTU

Jambo gumu kuliko yote liko juu ya ukingo wa mashariki wa Bonde la Ufa, Kinangop, katika kaunti ya Nyandarua. Huko hakuna mbuga wala askari wa wanyama. Ni uwanda wa juu wenye baridi, uliokuwa wa majani matupu, na katika majani hayo huishi ndege mdogo mwenye kifua cha manjano ambaye wataalamu humwita Macronyx sharpei. Haonekani pengine popote duniani isipokuwa katika nyika za juu za Kenya. Hukimbia zaidi ya kuruka, hutaga chini kati ya vichaka vya majani, na jembe likipita mara moja hana nyumba.

Ardhi yote ile ni ya watu binafsi. Wakati wa ukoloni ilikuwa mashamba ya kondoo na ng'ombe ya walowezi; wakati wa uhuru ikagawanywa kwa wakulima Waafrika kwa mipango ya makazi, na ilikuwa haki. Mwenye ekari zake chache hupanda viazi, kabeji na mikaratusi, kwa sababu viazi hulipa karo ya shule na ndege hailipi. Utamwambia nini?

Wako waliojaribu kumwambia jambo la maana. Wenyeji waliounda chama cha Friends of Kinangop Plateau walifikiri hivi: kondoo anahitaji majani, na ndege anahitaji majani yale yale. Basi wakaanzisha karakana ya sufu huko Njabini, ambako sufu husokotwa na kufumwa mazulia na vitu vingine vya kuuza, ili mtu apate sababu ya mfukoni ya kuacha sehemu ya shamba lake bila kulima. Chama cha Nature Kenya nacho kimenunua vipande vidogo vya nyika hapa na pale. Ni kama kuziba jahazi kwa pamba wakati maji yanaingia, lakini anayeziba ni bora kuliko anayetazama.

Kinangop hiyo hiyo ndiko ulikovunjika mwaka 2016 mradi wa megawati 60 za umeme wa upepo. Wakazi waliukataa kwa habari za fidia na hofu ya mashamba yao, na wenye mradi wakafunga virago. Sisemi kama umeme wa upepo ni mbaya. Nasema kwamba ramani ya upepo ilichorwa, na wenye ardhi wakasikia habari zake baadaye.

SHERIA IPO

Mtu asinieleze kwamba tunangoja sheria. Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya kupanga ardhi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka kila kaunti iwe na mpango wa ardhi wa miaka 10, unaoonyesha pia maeneo ya mazingira yanayotakiwa kulindwa. Kisha ikaja Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Hata kabla ya hayo yote, tangu 1995, Nakuru ilikuwa mji wa mfano wa Umoja wa Mataifa katika kupanga makazi na mazingira kwa pamoja, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 ukatengenezwa mpango uliosema waziwazi kwamba mji usiendelee kulisukuma ziwa. Mipango ilikuwa mizuri. Viwanja vikaendelea kukatwa.

Afrika Kusini wamefanya jambo moja ambalo nalipenda kwa urahisi wake. Tangu makadirio yao ya kwanza ya nchi nzima ya mwaka 2004, ramani za maeneo ya lazima kwa viumbe hutengenezwa kwa kiwango cha wilaya na kupelekwa katika mabaraza ya miji, ili karani anayepokea ombi la kubadilisha shamba kuwa mtaa aweze kufungua ramani na kuona mara moja kama pahala hapo pana rangi. Si kwamba ombi hukataliwa kila mara. Lakini karani hawezi kusema kwamba hakujua.

Na kwetu pwani tunayo yetu ya kujivunia. Delta ya Tana iliwahi kuwa karibu kugeuzwa mashamba makubwa ya miwa na mimea ya mafuta, halafu mwaka 2012 Wapokomo na Waorma wakauana kwa ajili ya maji na malisho. Katika miaka hiyo hiyo ya uchungu watu wa vijiji vya delta waliketi pamoja na wataalamu, wakulima na wafugaji na wavuvi, wakaonyesha kwa vidole mifugo inapita wapi, mpunga unalimwa wapi, kiboko analala wapi. Mpango wao wa matumizi ya ardhi ulizinduliwa mwaka 2015. Haukumaliza kila ugomvi. Lakini njia za mifugo zimechorwa, na mtu wa Bonde la Ufa anayetaka kujifunza namna ya kuchora ramani pamoja na wenyewe anaweza kupanda basi kuja Garsen.

Nilimweleza mjomba habari hizo za Tana jioni moja tukinywa chai ya tangawizi. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Na huyo heroe, yeye ni wa kaunti gani?"

Swali lile lina maana kubwa kuliko alivyokusudia. Msitu wa Mau umeenea katika kaunti kadha. Bogoria iko Baringo, Kinangop iko Nyandarua, na mpango wa kaunti ya Nakuru hukoma penye mpaka wa kaunti ya Nakuru. Na heroe wenyewe, hawa wadogo walioijaza Nakuru, hawatagi mayai Nakuru. Karibu wote wa Afrika Mashariki huanguliwa katika ziwa moja tu, Natron, upande wa Tanzania, juu ya matope ya magadi yenye joto kali ambayo mnyama mwindaji hathubutu kuyakanyaga. Katikati ya miaka ya 2000 palitolewa wazo la kujenga kiwanda kikubwa cha magadi kando ya ziwa hilo. Watu wa nchi mbalimbali walilipinga, na kiwanda hakikujengwa. Wazo la kuyachimba magadi ya Natron limerudi kutajwa mara kwa mara tangu wakati huo, Dodoma na Dar es Salaam, katika vikao ambavyo kaunti ya Nakuru haina kiti.